Kusomea fiziotherapia ukiwa Tanga: kuanzia kidato cha nne hadi uzamili, usajili wa nje na kliniki yako

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kutoka wodini, daktari amemaliza sehemu kubwa ya kazi yake. Lakini mkono bado haushiki kikombe, mguu unaburuta, na nyumbani kuna ngazi mbili za baraza asizoweza kuzipanda. Kazi iliyobaki ni ya mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 2.4 wanaishi na hali za kiafya ambazo huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mtu uwezo wa kujitegemea, zingezipunguzia makali. Mahitaji yapo. Kinachowachelewesha vijana wengi ni kutojua mlango upi unafunguka kwa cheti kipi.

Mwongozo huu ni wa makundi matatu: aliyemaliza kidato cha nne au cha sita, mwenye stashahada aliye kazini, na mwenye shahada anayefikiria uzamili au kazi nje ya nchi. Anzia panapokuhusu, ila yanayosemwa kuhusu kumbukumbu na nyaraka usiyaruke hata kama umeshasonga mbele. Katika fani hii watu hukwama mara nyingi zaidi kwa sababu ya karatasi ambayo hawakuitunza tangu mwaka wa kwanza kuliko kwa sababu ya kufeli mtihani.

Kwanza kaione kazi

Kabla ya kulipa ada ya maombi popote, omba kukaa wiki moja katika idara ya fiziotherapia. Kwa mtu wa Tanga mjini, pa kuanzia ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Bombo. Aliyeko Muheza anaweza kuulizia Hospitali Teule, na wa Korogwe aulizie Magunga. Usiende mikono mitupu ukamwomba mtu koridoni. Andika barua fupi kwa Mganga Mfawidhi, kichwa chake kiwe hivi: «YAH: OMBI LA KUTEMBELEA IDARA YA FIZIOTHERAPIA KWA WIKI MOJA». Ndani taja jina lako, shule uliyosoma, sababu ya ombi, tarehe unazopendekeza, na kwamba utatunza siri za wagonjwa. Ambatanisha nakala ya matokeo na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Peleka nakala mbili masjala. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo, kwani barua isiyo na muhuri ikipotea huna pa kuanzia.

Ukiruhusiwa, usikodolee macho mashine. Angalia mikono ya mtaalamu na sikiliza maneno yake. Tazama namna bibi aliyepooza upande wa kulia anavyoketishwa:

«Shikamoo bibi.»
«Marahaba mwanangu.»
«Leo bibi tunakaa pembeni ya kitanda. Kunja goti hili la kushoto, mimi nakusaidia hili jingine. Tukigeuka, mkono wako mzima uushike huu mgonjwa. Tayari? Moja, mbili…»

Katika sentensi hizo chache kuna mengi. Mgonjwa ameambiwa kitakachotokea kabla hakijatokea, amepewa kazi ya kufanya mwenyewe, na mkono uliopooza haukuvutwa. Misuli ya bega la upande uliopooza haina nguvu ya kulishikilia. Ndugu akimwinua mgonjwa kwa kumvuta mkono huo, bega huteguka kidogo kidogo, maumivu yakaanza, na miezi ya mazoezi ikapotea. Ukiona umechoshwa na kazi ya kurudia jambo lile lile kwa upole mara 20, afadhali ulijue mapema. Na ukijikuta unaulizia maendeleo ya bibi yule hata baada ya wiki yako kwisha, jaza fomu.

Stashahada au shahada?

Stashahada ni miaka 3 chini ya usimamizi wa NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, ngazi ya 4 hadi ya 6. Sifa za msingi ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini katika kidato cha nne, yakiwamo Biolojia, Kemia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza hukuongezea nafasi pale waombaji wanapokuwa wengi. Shahada ya kwanza huchukua miaka 4 na husimamiwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Mlango wake wa kawaida ni tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia zote zikiwa na ufaulu wa kiwango kinachotakiwa. Alama za chini hutofautiana kwa chuo na huweza kubadilika, hivyo fungua kitabu cha mwongozo cha mwaka unaoomba. Cha mwaka jana alichonacho rafiki yako hakifai.

Kwa mtu wa Tanga safari huelekea upande mmoja kati ya miwili. Moshi kuna Chuo Kikuu cha KCMC, ambako fani hii ina mizizi mirefu kuliko popote nchini. Ukipanda basi Kange unapita Segera, Korogwe, Mombo na Same, unafika siku hiyo hiyo. Dar es Salaam kuna MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, pamoja na Taasisi ya Mifupa Muhimbili ambako wanafunzi hukutana na majeraha mazito ya mifupa, ubongo na uti wa mgongo. Vyuo vya kati vinavyotoa stashahada vitafute katika orodha ya NACTVET na uhakikishe kuwa kozi yenyewe, si chuo tu, imesajiliwa. Wapo wanaosoma mwaka mzima katika chuo halali ndipo wanagundua kuwa kozi haikuwa na ithibati. Cheti cha namna hiyo hakikufikishi kwenye usajili wa taaluma.

Ushauri wetu ni huu. Mwenye PCB yenye alama za kutosha aende shahada moja kwa moja, kwa sababu milango ya uzamili na ya nje hufunguka kwa shahada. Mwenye kidato cha nne kizuri lakini familia haina uwezo wa kusubiri, stashahada ni njia ya heshima na inaendelezeka. Vyuo vikuu hupokea wenye stashahada. Kwa kozi za afya kigezo kinachotajwa sana ni wastani wa B au GPA ya 3.0, juu ya ufaulu wa kidato cha nne. Kwa hiyo GPA ya stashahada ilinde kuanzia muhula wa kwanza. Aliyemaliza na 2.7 atafanya kazi vizuri na kuajiriwa, lakini siku akitaka shahada atakuta mlango mzito.

Maombi yenyewe yana mitego inayojirudia kila mwaka:

- Mwenye stashahada anayeomba chuo kikuu anahitaji namba ya uhakiki ya tuzo, AVN, kutoka NACTVET. Iombe matokeo yako ya mwisho yanapokuwa tayari, usingoje dirisha la TCU lifunguliwe. Chuo chako kikichelewa kupeleka matokeo, AVN haitoki na maombi husimama.
- Majina yafanane kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya NECTA na kitambulisho cha NIDA. «Mwanaidi Salim» na «Mwanahidi Salimu» ni watu wawili mbele ya kompyuta. Marekebisho ya jina yana mlolongo wa viapo na ofisi, yaanze miezi kadhaa kabla.
- Kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, cheti cha kuzaliwa huhakikiwa kwanza RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 mikopo imefunguliwa pia kwa stashahada za fani za kipaumbele, zikiwamo baadhi za afya. Soma mwongozo wa mwaka wako uone fani zilizoorodheshwa.
- Anayekwenda kusoma shahada nje ya nchi apate kwanza barua ya TCU ya kutokuwa na pingamizi. Bila hiyo, kutambuliwa kwa shahada anaporudi huwa na usumbufu mkubwa.

Ukiwa chuoni

Anatomia ndiyo msingi, na haikaririwi kwa kitabu peke yake. Jifunze kwa kushika: mwombe mwenzako akae, tafuta kwa vidole kilele cha bega, nundu za goti, mifupa ya kifundo. Mtu anayejua jina la msuli lakini hajui aubonyeze wapi atahangaika fildi, yaani kwenye mafunzo ya vitendo hospitalini.

Chukua mfano wa kipimo kimoja tu, kukunja goti baada ya kuvunjika paja, jeraha la kila siku kwa vijana wa bodaboda. Mgonjwa analala chali. Kitovu cha goniometa, kifaa cha kupimia pembe ya kiungo, unakiweka kwenye nundu ya nje ya goti, mkono mmoja wa kifaa unaelekea kwenye nundu kubwa ya nje ya nyonga, mwingine unaelekea kifundo cha nje cha mguu. Unasoma nyuzi, unaandika na tarehe. Makosa ya kupima hufikia nyuzi 5 hivi hata kwa mzoefu, hivyo mgonjwa aliyetoka 60 kwenda 63 usimwambie amepona zaidi. Huenda umeshika kifaa tofauti tu. Kisha ujue namba hiyo ina maana gani nyumbani kwake. Nyuzi 90 zinamtosha kukaa kitini na kuinuka. Lakini kuswali kwa kukaa kitako cha tahiyatu, au kuchuchumaa chooni, kunahitaji zaidi ya 130. Mwanafunzi akiandika lengo «nyuzi 90» kwa mzee ambaye kero yake yote ni swala, amepima vizuri na kulenga vibaya.

Nguvu za misuli hupimwa kwa ngazi 0 hadi 5. Ngazi ya 3 ni pale msuli unapoinua kiungo dhidi ya uzito wake wenyewe bila kusukumwa na mtu. Kosa la wanafunzi wengi ni kuandika 4 kwa kila asiyekuwa na 5. Pima upande mzima kwanza, ndipo ulinganishe.

Sasa daftari. Kila zamu ya fildi andika tarehe, hospitali, wodi, saa ulizofanya, aina ya tatizo, umri wa mgonjwa kwa makundi bila jina lake, ulichofanya, na sahihi ya msimamizi. Sahihi ichukuliwe wiki hiyo hiyo, maana msimamizi aliyehamishwa kwenda Lindi humpati tena. Uingereza, kwa mfano, mafunzo ya fani hii yamejengwa juu ya saa 1,000 hivi za vitendo, na mamlaka za nje zitakuuliza saa zako na mgawanyo wake: mifupa, neva, kifua na moyo. Tunza pia muhtasari wa kila somo wenye saa zake. Kuupata miaka 8 baadaye, mtaala ukiwa umebadilishwa na mkuu wa idara amestaafu, ni kazi ya kuvunja moyo.

Interni, usajili, ajira

Mwenye shahada hufanya mwaka mmoja wa interni, yaani kazi ya mafunzo chini ya usimamizi, katika hospitali iliyoidhinishwa. Usajili wa taaluma uko chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika kwa mujibu wa Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017. Bila usajili na leseni hai huruhusiwi kugusa mgonjwa kama mtaalamu, hata kwa kujitolea. Leseni huhuishwa, na uhuishaji unadai ushahidi wa mafunzo endelevu, kwa hiyo kila cheti cha semina kiweke kwenye faili moja na nakala yake kwenye barua pepe yako. Jiunge mapema na chama cha wataalamu wa fiziotherapia nchini, APTA. Matangazo ya kozi fupi hupita huko kwanza.

Ajira za serikali hutangazwa kupitia mifumo ya Sekretarieti ya Ajira, TAMISEMI na Wizara ya Afya. Fungua akaunti zote ukiwa bado interni na upakie nyaraka zilizothibitishwa na mwanasheria. Nafasi zikitoka muda huwa mfupi, na siku ya mwisho mtandao huelemewa. Hospitali za mashirika ya dini, miradi ya watu wenye ulemavu na hospitali binafsi huajiri kwa barua na usaili wao wenyewe. Huko aliyekwenda kujitambulisha na wasifu wa kurasa mbili ana nafasi nzuri kuliko anayengoja tangazo.

Kwa aliyeajiriwa serikalini na anataka kusoma zaidi: mwaka wa kwanza ni wa majaribio. Thibitishwa kazini, kisha uingie kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri, halafu ndipo uombe ruhusa ya masomo kwa maandishi ukiambatanisha barua ya udahili. Anayeondoka kwa ruhusa ya mdomo ya mkuu wa idara anahesabika mtoro, na anaweza kupoteza kazi.

Miaka miwili ya kwanza: fani ndani ya fani

Usichague utaalamu kwa kusikia kwamba unalipa. Fanya kila eneo walau miezi kadhaa, halafu fungua daftari lako uone ni wagonjwa gani umewafuatilia hadi mwisho.

Mifupa na misuli ndilo eneo pana kuliko yote. Maumivu ya kiuno ya wabeba mizigo wa bandarini, mikono ya wakata mkonge, magoti ya wazee, mivunjiko ya bodaboda. Kozi zinazojulikana kimataifa ni za njia za tiba za Maitland, Mulligan na McKenzie. Lakini kabla ya kozi yoyote jifunze kumtambua mgonjwa asiyekuwa wako. Mwenye maumivu ya mgongo anayekonda, anayetoka jasho usiku na kuanza kuwa na nundu mgongoni, usimkande. Huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Aliyepoteza hisia sehemu za kukalia, mkojo hautoki na miguu yote miwili imelegea, huyo ni wa upasuaji leo, si kesho. Andika rufaa na usindikize kwa simu.

Neva ni kiharusi, majeraha ya uti wa mgongo na ya kichwa. Ni kazi ya miezi mingi, na nusu yake ni kufundisha ndugu. Watoto ni mtindio wa ubongo, pamoja na mguu kifundo, yaani mguu ambao mtoto huzaliwa nao umepinda, unaorekebishwa kwa njia ya Ponseti: plasta hubadilishwa kila wiki, kwa kawaida 5 hadi 7, wengi hukatwa kano ya kisigino kwa upasuaji mdogo, halafu viatu vya kufunga saa 23 kwa siku kwa miezi 3, na baada ya hapo usiku na wakati wa kulala hadi miaka 4 hivi. Plasta hushinda, kinachorudisha mguu kupinda ni viatu kuachwa mapema kwa sababu mtoto analia na nyumbani hakuna aliyeelezwa. Anayependa watoto ajue kuwa mgonjwa wake wa pili ni mama.

Yapo pia kifua na wagonjwa mahututi, ambayo huhitaji hospitali kubwa, na afya ya nyonga kwa wanawake baada ya kujifungua, eneo lenye uhitaji mkubwa ambalo wachache wameligusa. Kwa pwani yetu, mtaalamu wa kike anayeweza kuzungumza na wanawake kwa faragha kuhusu mkojo unaovuja atapata wagonjwa wengi. Michezo huwavuta vijana, hasa ukiwa karibu na uwanja wa Mkwakwani. Anza na timu za shule na za mitaa, beba daftari la majeraha, jifunze huduma ya kwanza uwanjani na kupasha mwili joto. Timu za ligi huangalia uliowahi kuwarudisha uwanjani.

Utengamao wa jamii tungependa uangaliwe kwa makini zaidi, kwa sababu hapo ndipo kazi ya wodini huokolewa au hupotea. Mgonjwa amepewa kiti mwendo na amefundishwa, anafika kwake Ngamiani anakuta baraza imeinuka sentimita 30. Kanuni ya njia ya mteremko ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za urefu. Baraza ya sentimita 30 inahitaji mita 3.6. Fundi asiyeelezwa atajenga mita moja na nusu, kiti kitarudi nyuma na mgonjwa, na kuanzia siku hiyo hatoki nje. Kama uchochoro hauna mita 3.6 moja kwa moja, mteremko ukunjwe kwa kona yenye sakafu bapa ya mita 1.2 hadi 1.5 ili kiti kigeuke. Mlango wa chumba uwe na upana wa sentimita 80 hadi 90. Chukua futi kamba ukapime mwenyewe kabla mgonjwa hajaruhusiwa, au mwombe kijana wa nyumbani apime na kutuma picha. Kuhusu kiti chenyewe, Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya hatua 8 za huduma ya viti mwendo, ngazi ya msingi na ya kati. Kiti kipana kupita kiasi humkalisha mtu upande, na kinacholingana lakini kisicho na mto mzuri humtoa vidonda asiye na hisia. Mwenye cheti cha mafunzo hayo hutafutwa na miradi.

Ukigundua kuwa moyo wako uko kwenye vifaa kuliko mazoezi, Moshi kuna TATCOT, inayofundisha viungo bandia na vifaa tegemezi tangu 1981. Na anayevutiwa na kumrudisha mtu kwenye kupika, kuvaa na kuandika aangalie tiba kwa vitendo. Kuhama mapema hakupotezi chochote. Masomo ya msingi yanakaribiana.

Uzamili

Amua kwanza unataka kuwa nani baada yake: mtabibu bingwa, mwalimu wa chuo, mtafiti, au msimamizi wa huduma. Anayelenga usimamizi na miradi anaweza kusoma uzamili wa afya ya jamii hapa hapa, MUHAS au KCMC. Anayelenga fiziotherapia yenyewe, Afrika Kusini ina vyuo vyenye historia ndefu: Western Cape, Cape Town, Stellenbosch, Witwatersrand. Huko vyeti vyako vitapitishwa SAQA, mamlaka yao ya kutambua vyeti, na kama masomo yana kugusa wagonjwa utahitaji pia usajili wa HPCSA, baraza lao la taaluma za afya. Vyote viwili huchukua miezi.

Soma maelezo ya kozi kwa kituo. Uingereza kuna uzamili wa aina mbili: mmoja huandaa mtu aliyesoma fani nyingine kuwa mtaalamu wa fiziotherapia na hufungua usajili, mwingine ni wa kuendeleza ambaye tayari ni mtaalamu, na wenyewe peke yake haukusajili. Wapo wanaolipa ada kubwa ya aina ya pili wakidhani wamepata leseni ya kufanya kazi kule.

Ufadhili una masharti yanayofanana: shahada, uzoefu na nia ya kurudi. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hudai saa 2,800 za kazi, sawa na miaka 2 hivi, na uzamili wa mwaka mmoja Uingereza. Programu za maendeleo za DAAD ya Ujerumani kwa kawaida hutaka miaka 2 ya kazi na shahada uliyoipata si zaidi ya miaka 6 iliyopita. Hapa ndipo wengi hujikuta nje: wamekaa kazini miaka 9 wakijiandaa. Hesabu kinyumenyume. Ukilenga kuanza Septemba 2028, maombi ni 2027, mtihani wa Kiingereza uwe mwanzoni mwa 2027 kwa kuwa matokeo ya IELTS huisha baada ya miaka 2, na waandishi wa barua za mapendekezo uwe umewaomba mwezi mzima kabla. Wape wasifu wako na orodha ya kazi ulizofanya chini yao, ili barua iwe na mambo ya kweli. «Ni mchapakazi na mwaminifu» haimsaidii mtu yeyote.

Pendekezo la utafiti liwe dogo na la kwako. «Kiharusi Tanzania» ni bahari. «Sababu zinazowafanya wagonjwa wa kiharusi kutoka Pangani na Mkinga waache kliniki ya mazoezi kabla ya wiki ya sita» linafanyika, lina rejesta ya kuangalia, na msimamizi ataona unajua unachokitafuta.

Kufanya kazi nje

Uingereza usajili ni wa HCPC, baraza lao la taaluma za afya. Kwa ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza, IELTS ni 7.0 kwa jumla, hakuna kipengele chini ya 6.5. Chuo chako kitatakiwa kujaza fomu ya mtaala, ndiyo maana tulisisitiza mihtasari. Marekani vyeti hutathminiwa, mara nyingi na FCCPT, taasisi ya kutathmini vyeti vya nje, kisha mtihani wa leseni wa NPTE; kwa kuwa kiwango chao ni udaktari wa kitaaluma wa fiziotherapia, stashahada haitafika na shahada ya miaka 4 mara nyingi hudaiwa masomo ya nyongeza. Australia ni tathmini ya Australian Physiotherapy Council, ya maandishi na ya vitendo. Ujerumani kikwazo kikubwa ni lugha, ngazi ya B2, pamoja na kulinganishwa kwa mafunzo. Nchi za Ghuba huhakiki vyeti kupitia DataFlow, kampuni ya uhakiki, na kutoa mtihani, na kwa kawaida hutaka uzoefu wa miaka 2. Pengo la miezi bila kazi au leseni iliyolala hukuharibia, hivyo huisha leseni hata mwaka usio na ajira. Wakala anayedai kuwa anaweza kukurukisha uhakiki, mkimbie.

Kliniki yako Tanga

Fungua baada ya kuwa na uzoefu wa kutosha kufanya maamuzi bila mtu wa kumuuliza mlango wa pili. Nyaraka: leseni yako ya taaluma, usajili wa kituo kupitia Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi, jina la biashara BRELA, namba ya mlipakodi TRA, na leseni ya biashara ya Halmashauri ya Jiji. Mkaguzi huangalia maji, choo, faragha na utupaji taka kabla ya mashine. Chagua nyumba ya chini yenye njia ya kuingiza kiti mwendo. Kodi nafuu ya ghorofa ya pili itakunyima wagonjwa wale wale unaowataka.

Chumba cha kuanzia hakihitaji mengi: vitanda viwili vya tiba, goniometa, mikanda ya mpira ya ukinzani tofauti, mpira wa mazoezi wa sentimita 65, ngazi ya mbao ya hatua tatu, kioo kirefu, TENS (kifaa cha umeme mdogo cha kupunguza maumivu), na vyuma sambamba vya kutembelea vya mita 3 ambavyo fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea, kimo kikibadilika. Mwambie atumie bomba la mabati, si chuma cheusi, na miguu yake ifungwe sakafuni kwa skrubu. Hewa ya chumvi ya Raskazone na Chumbageni hula chuma na chemchemi za vitanda haraka. Futa kwa kitambaa kikavu kila jioni na upake grisi maungio kila mwezi. Mashine ya ultrasaundi inaweza kungoja. Wagonjwa hupona kwa tathmini na mazoezi, na mashine uliyokopea itakulazimisha kumweka kila mtu juu yake hata asiyeihitaji.

Panga muda wa dakika 45 kwa mgonjwa mpya na 30 kwa anayerudi. Anayepanga kila mtu dakika 15 huishia kuwasha taa ya joto na kuondoka. Bei iandikwe ukutani, na uwe na mpango wa vipindi ambao mgonjwa anaujua: vipindi vingapi, lini tutapima tena, na ni kipimo gani kikikosekana tutabadili njia au kumrudisha kwa daktari. Kwa anayetoka Pwani ya Kigombe au Pongwe na hana nauli ya mara tatu kwa wiki, mfundishe mazoezi manne tu, ayafanye mbele yako, msaidizi wake ayarekodi kwenye simu, na arudi baada ya wiki mbili. Mazoezi manne yanayofanywa yanashinda kumi na mawili yaliyochapwa kwenye karatasi. Kila rufaa iliyotoka kwa daktari ijibiwe kwa barua ya nusu ukurasa: ulichokuta, ulichofanya, namba za mwanzo na za sasa. Ndiyo itakayofanya akuletee mgonjwa mwingine.